Je, vyombo vya habari vya Chicago vinaipendelea Cubs na kuiweka White Sox pembeni?

Mkazi wa Bridgeport anauliza:

Ndugu wapenzi wa besiboli, salaam. Ninaishi kusini mwa Chicago, mwendo wa miguu tu kutoka uwanja wa Mtaa wa 35, na ni shabiki wa White Sox. Ninaomba wenye uzoefu na wenye kumbukumbu wanisaidie kujibu swali ambalo huzuka kila mashabiki wa timu hizi mbili wanapokutana, na ambalo kwa kawaida huishia kwenye kelele badala ya hoja: je, ni kweli kwamba magazeti, redio na televisheni za jiji hili zinaipendelea Cubs, na kama ni kweli, upendeleo huo ulianzia wapi?

Nieleze ninachokiona. Jioni moja timu zote mbili zilikuwa zimecheza na zote zilikuwa zimeshinda. Taarifa ya michezo ya kituo kimoja cha televisheni cha hapa jijini ilianza na Cubs: tukaonyeshwa mipira iliyopigwa hadi jukwaani, mrushaji akahojiwa akiwa bado amefungwa barafu begani, kisha mwandishi akasimama nje ya uwanja akieleza nani atarusha kesho na nani bado anauguza goti. Baada ya hapo zikaja habari za mazoezi ya Bears, timu ya jiji ya futiboli ya Kimarekani, ambao msimu wao ulikuwa haujaanza. White Sox ikaja mwisho kabisa, matokeo yakasomwa juu ya kipande kimoja cha picha, na mrushaji aliyeshinda mchezo hakutajwa hata jina. Mtazamaji asiyeijua Chicago angedhani timu hiyo inatoka mji mwingine.

Mfano wa pili unajulikana duniani kote. Tarehe 8 Mei 2025, Kardinali Robert Prevost alipochaguliwa kuwa Papa Leo XIV, saa chache hazikupita kabla haijatangazwa kwamba yeye ni shabiki wa Cubs, na bango kubwa la nje ya Wrigley Field, uwanja wa Cubs ulio kaskazini mwa jiji, likaandikwa kuwaarifu wana-Chicago hivyo. Mtu huyu alikulia Dolton, kitongoji cha kusini, ambako mashabiki wa White Sox ni wengi mno. Ilibidi kaka yake ajitokeze kupitia kituo cha televisheni cha WGN kueleza kwamba Papa ni wa White Sox na amekuwa hivyo siku zote. Baadaye zikapatikana picha za televisheni za mchezo wa kwanza wa World Series, fainali ya ubingwa wa besiboli, ya 2005 zikimwonyesha akiwa jukwaani, uso umejaa wasiwasi wa awamu ya tisa. Sisemi kuna aliyekusudia kudanganya. Ninachouliza ni kwa nini dhana ya kwanza iliyowajia watu, wakisikia mtu ametoka Chicago, ilikuwa Cubs.

Na ubingwa wenyewe je? White Sox ilipotwaa World Series mwaka 2005 ilikuwa imesubiri miaka 88, tangu 1917. Cubs ilipotwaa mwaka 2016 ilikuwa imesubiri miaka 108, tangu 1908. Yote mawili yalikuwa mateso makubwa kwa mashabiki, lakini ule wa Cubs unasimuliwa kama historia ya taifa zima, na wetu unatajwa kwa kupitia tu, pengine usitajwe kabisa. Kumbuka kwamba timu ya 2005 ilipoteza mchezo mmoja tu kati ya kumi na miwili ya hatua ya mtoano, na kwamba katika kuwania ubingwa wa American League, mojawapo ya ligi kuu mbili za besiboli, dhidi ya timu ya Angels, warushaji wanne, Buehrle, Garland, Garcia na Contreras, kila mmoja alirusha mchezo wake mwanzo hadi mwisho bila kupumzishwa, siku nne mfululizo za mchezo. Hilo ni jambo ambalo besiboli ya leo haiwezi kulirudia kwa urahisi, na bado vijana wengi wa jiji hili hawajawahi kusimuliwa.

Basi, ni soko tu, au kuna mkono wa mtu?

Mzee wa Magazeti anajibu:

Ndugu Mkazi wa Bridgeport, swali lako lina jibu, na jibu lake lina tarehe. Ukizifuata tarehe hizo utaona kwamba hali unayoilalamikia haikuwepo siku zote, na kwamba waliochangia kuijenga ni wa pande mbili.

Tuanze na WGN. Kituo hicho cha televisheni kilianza kurusha matangazo mwaka 1948, kikiwa mali ya wenye gazeti la Tribune. Kwa miaka mingi kilionyesha michezo ya Cubs na ya White Sox pia, na mtangazaji wa timu zote mbili alikuwa mtu mmoja, Jack Brickhouse. Jambo hili liliwezekana kwa sababu ratiba ya ligi hupangwa ili timu moja iwe nyumbani wakati nyingine iko safarini. Kamera zilihama tu kutoka kaskazini kwenda kusini, na sauti iliyowafikia wasikilizaji ikabaki ileile. Katika miaka hiyo ya 1950 na sehemu kubwa ya miaka ya 1960, White Sox ndiyo iliyokuwa ikijaza watu wengi zaidi uwanjani. Ilipotwaa ubingwa wa American League mwezi Septemba 1959, mkuu wa zimamoto wa jiji, Robert Quinn, aliamuru ving'ora vya tahadhari ya mashambulizi ya anga vipigwe usiku kwa furaha, na watu wasiofuatilia besiboli wakakimbilia vyumba vya chini wakidhani Wasovieti wamefika. Jiji lililofanya hivyo haliwezi kusemwa lilikuwa la Cubs.

Mabadiliko yalianza mwaka 1968. Wenye White Sox waliihamisha timu kutoka WGN na kuipeleka WFLD, chaneli ya 32, wakivutiwa na nafasi ya kuonyesha michezo mingi zaidi. Hesabu yao ilikuwa na mantiki, lakini chaneli ya 32 ilikuwa kwenye masafa ya UHF, na televisheni nyingi zilizotengenezwa kabla ya 1964 hazikuwa na uwezo wa kupokea masafa hayo bila kifaa cha ziada. Mzee aliyekuwa amezoea kuwasha televisheni yake na kukuta mpira, siku hiyo aliwasha akakuta Cubs peke yake. Timu nayo ilikuwa imeanza kudhoofika. Mwaka 1969 waliohudhuria michezo ya nyumbani ya White Sox msimu mzima hawakufika laki sita, ilhali Cubs, iliyoongoza kundi lake hadi Septemba kabla ya kupitwa na Mets ya New York, ilipata zaidi ya milioni 1.6. Sisemi chaneli peke yake ndiyo iliyoleta tofauti hiyo. Ninasema kwamba timu ilijiondoa sebuleni mwa watu wakati ilipowahitaji zaidi.

Sasa tuifikie miaka ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo kiini cha jambo lote. Mwaka 1978 mawimbi ya WGN yalianza kusambazwa kwa setilaiti, na kampuni za kebo nchi nzima zikaanza kuyapokea. Mwaka 1981 kampuni ya Tribune iliinunua Cubs kutoka kwa familia ya Wrigley kwa takriban dola milioni 20.5. Tafakari maana yake: gazeti kubwa kuliko yote jijini, kituo kikubwa cha televisheni, kituo kikubwa cha redio na timu moja kati ya mbili za besiboli, vyote chini ya mmiliki mmoja. Huo ni mgongano wa maslahi ulio wazi, na mwandishi, hata awe mwadilifu kiasi gani, hawezi kuuondoa kwa uadilifu wake, kwa sababu si yeye anayeamua kurasa ngapi zitolewe, matangazo gani ya kibiashara yapewe nafasi, na kipindi gani kirushwe saa ngapi. Kila mchezo wa Cubs ulikuwa bidhaa ya kampuni, na kampuni yoyote huitangaza bidhaa yake.

Mwaka huohuo 1981, Jerry Reinsdorf na Eddie Einhorn waliinunua White Sox kutoka kwa Bill Veeck. Nao walikuwa na fikra yao: Einhorn aliamini kwamba michezo ingelipiwa na watazamaji, akaanzisha SportsVision, huduma ya kulipia kila mwezi ambayo bila kisanduku maalumu picha yake haikusomeka. Kimsingi aliona mbali, kwa kuwa leo karibu michezo yote hulipiwa, lakini alitangulia wakati wake, na mashabiki wa kusini, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa kipato cha kawaida, hawakujiunga kwa wingi uliotarajiwa. Harry Caray, ambaye alikuwa sauti ya White Sox tangu 1971 na alipendwa mno, hakutaka kutangaza mbele ya watazamaji wachache. Mwaka 1982 akahamia Cubs na WGN.

Ndugu zangu, hapo ndipo mizani ilipoinama. Cubs wakati huo ilicheza nyumbani mchana peke yake, kwa kuwa Wrigley Field haikuwa na taa hadi Agosti 1988. Mtoto aliyetoka shule alasiri, awe Chicago, Iowa au New Mexico, alikuta mchezo unaendelea, bure au kwa kebo ya kawaida, na mzee mwenye miwani mikubwa akiimba na umati katikati ya awamu ya saba. White Sox ya 1983 ilishinda michezo 99, ikaliongoza kundi lake kwa tofauti ya michezo 20 na kuwa timu ya kwanza ya Chicago kuvutia zaidi ya watu milioni 2 kwa msimu, lakini sehemu kubwa ya michezo yake ilikuwa nyuma ya kisanduku cha malipo. Cubs ya 1984 ilishinda 96, na nchi nzima iliiona. Mtoto wa miaka kumi wa 1984 ndiye aliyekuja kuwa mhariri wa michezo miaka thelathini baadaye. Hahitaji kuamriwa na mtu aipendelee Cubs. Ndiyo timu anayoifahamu, na habari zake humjia kichwani kwanza.

Kwa hiyo ninakujibu hivi: upendeleo upo, ulijengwa na umiliki, na wenye White Sox waliusaidia kwa kufunga milango yao wenyewe mara mbili.

Dada wa Lakeview anajibu:

Shikamoo, Mzee wa Magazeti. Nimejifunza mengi katika maelezo yako, lakini mimi ni shabiki wa Cubs na ninaomba nipinge sehemu moja.

Kutazamwa sana na kupendelewa ni mambo mawili tofauti. Waandishi wa Chicago hawajawahi kuilinda Cubs. Mwezi Aprili 1983, miaka miwili baada ya Tribune kuinunua timu, meneja Lee Elia aliwatukana mashabiki waliokuwa wakizomea kule Wrigley Field, kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mwandishi wa redio aliyekuwapo na kinasa sauti hakuyaficha, yalirushwa hewani siku ileile, na kabla ya msimu kwisha Elia alikuwa amefukuzwa. Mwaka 2004, Steve Stone, mchambuzi wa matangazo ya Cubs kwenye kituo cha wenye timu wenyewe, aliikosoa timu waziwazi ilipoporomoka wiki ya mwisho. Wachezaji wakakasirika na yeye akaondoka msimu ulipokwisha. Baadaye mashabiki wa White Sox walimpata katika matangazo yao, na ninaamini wanamfurahia. Kama upendeleo maana yake ni kusifiwa bila sababu, basi sisi wa kaskazini hatujauonja.

Pili, Tribune iliiuza Cubs kwa familia ya Ricketts mwaka 2009. Kama umiliki ndio uliokuwa chanzo, kwa nini hali haikubadilika baada ya hapo? Naona jibu liko kwa wasomaji wenyewe. Mwaka 2005, mwaka ambao White Sox ilikuwa bingwa, waliohudhuria michezo yake ya nyumbani walikuwa takriban milioni 2.3, na Cubs, iliyoshindwa kufika hatua ya mtoano, ilipata takriban milioni 3.1. Mwaka 2024 pengo lilikuwa kubwa zaidi, milioni 1.4 kwa 2.9. Mhariri ana kurasa chache na waandishi wachache. Anawapeleka mahali ambapo watu wengi wanataka habari. Tungekuwa sisi kwenye kiti chake tungefanya vivyo hivyo.

Na wenye White Sox wana deni lao kwa mashabiki. Mwaka 1988 walitishia kuihamishia timu St. Petersburg, Florida, hadi bunge la Illinois likapitisha fedha za uwanja mpya usiku wa manane, saa ikiwa imesimamishwa ukutani ili tarehe ya mwisho isipite. Uwanja mpya ulifunguliwa 1991, na ule wa zamani, uliokuwa umesimama tangu 1910, ukabomolewa. Wrigley Field ya 1914 ingali imesimama, na wageni wanaofika jijini huenda kuiona hata kama hawajui Cubs inacheza na nani. Ugumu wa White Sox kupata nafasi kwenye kurasa umeanzia pia katika maamuzi hayo.

Msikilizaji wa Redio anajibu:

Naongeza jambo dogo kuhusu redio, kwa sababu wengi tunaofanya kazi usiku hatutazami, tunasikiliza.

Cubs ilikaa WGN 720 kwa miongo mingi hadi msimu wa 2014. Mtu aliweza kuzaliwa, kuoa na kustaafu bila kugusa kitufe cha masafa. White Sox, kwa upande wake, ilikuwa WSCR hadi 2015, ikaenda WLS mwaka 2016, ikaokolewa na WGN mwaka 2018 baada ya kampuni iliyomiliki WLS kufilisika, na tangu 2021 ipo WMVP 1000. Kila inapohama kuna wasikilizaji wanaopotea njiani, hasa wazee, na kituo kipya hakina muda wa kujenga mazoea ya kuijadili timu asubuhi hadi jioni.

Historia ya 1968 aliyoieleza Mzee imejirudia mbele ya macho yetu. Cubs ilianzisha chaneli yake, Marquee, mwezi Februari 2020. White Sox, Bulls ya mpira wa kikapu na Blackhawks ya hoki ya barafuni zikaanzisha ya kwao, CHSN, Oktoba 2024, na kwa miezi mingi haikupatikana kwa wateja wa Comcast, kampuni kubwa ya kebo jijini, kwa sababu pande mbili hazikuelewana kuhusu malipo. Watu walirudi madukani kununua antena, wakazibandika dirishani na kuzigeuzageuza hadi picha itulie.

Mkazi wa Bridgeport anaandika tena:

Ninawashukuru nyote. Mzee, umenipa tarehe nilizokuwa nikizitafuta. Msikilizaji wa Redio, hilo la antena limenigusa, kwa sababu ya kwangu ingali imening'inia kwenye pazia.

Dada wa Lakeview, hoja zako zina heshima na nitazijibu kwa heshima. Umesema mhariri hufuata wasomaji. Mwaka 1991, uwanja wetu ulipofunguliwa, White Sox ilivutia zaidi ya watu milioni 2.9 na Cubs takriban milioni 2.3. Kama kurasa zingekuwa zikifuata hadhira kwa uaminifu, mwaka ule mizani ingeinama upande wetu, na miaka ya mwanzo ya 1990, wakati wa mpigaji wetu nyota Frank Thomas, tungeshika nafasi ya kwanza kwenye kila taarifa. Tulikuwa na timu nzuri, hadi mgomo wa 1994 ulipokatisha msimu tukiwa tunaongoza kundi letu. Hadhira ilikuwepo kusini. Kwa hiyo hesabu ya mahudhurio huletwa pale inapoiunga mkono Cubs, na pale inapoikataa haikumbukwi.

Pia hesabu za tiketi hazipimi mapenzi ya jiji zima. Tiketi nyingi za Wrigley Field hununuliwa na wageni wa jiji na watu wa majimbo jirani, kama ulivyosema mwenyewe, na hao hawasomi gazeti la Chicago wala hawatazami taarifa ya saa nne usiku. Mhariri wa habari za jiji anapaswa kuwahesabu watu wa jiji: mafundi wa Canaryville, walimu wa Beverly, familia za Pilsen na Chatham, ambao hawana uwezo wa kwenda uwanjani mara kwa mara lakini wanaifuata timu kila usiku.

Kuhusu kukosolewa, ninakubaliana nawe kwamba Cubs haikuachwa bila kukosolewa. Ila kukosolewa nako ni kupewa nafasi. Mtu anayekukosoa amekutazama, amekufuatilia, anajua ulichopaswa kufanya na hukufanya. Sisi tulipata nafasi ya namna hiyo mwaka 2024, tulipopoteza michezo 121 na kuivunja rekodi ya kisasa ya Mets ya 1962. Tarehe 27 Septemba kule Detroit, waandishi kutoka nchi nzima walijazana kushuhudia kipigo cha 121. Wengi wao hawakuwa wamefuatilia timu ile Aprili, wakati yaliyosababisha maafa yale yalipokuwa yakionekana wazi: safu ya wapigaji isiyo na nguvu, wachezaji waliouzwa, vijana waliopandishwa kabla hawajaiva. Habari hizo zilihitaji mtu anayeingia chumba cha wachezaji kila siku, na mashabiki walistahili kuelezwa mapema.

Sasa ninaomba ushauri wa vitendo. Tukitaka kuwaandikia wahariri, tuwaombe nini hasa? Sitaki barua ya kulialia.

Dada wa Lakeview anajibu:

Ndugu, hilo la 1991 nimelipokea, na la watu wa jiji pia. Ninabaki na msimamo wangu kuhusu lawama kwa wenye timu, lakini barua hiyo nitaitia sahihi hata mimi, maana jiji lenye timu mbili likiripotiwa nusu ni hasara kwa msomaji yeyote.

Mzee wa Magazeti anajibu:

Nakubali kusaidia kuiandika, kwa sharti kwamba tusiombe usawa wa dakika wala wa kurasa. Hakuna mhariri atakayekubali kupimwa kwa rula, na wiki ambayo Cubs iko hatua ya mtoano na White Sox imeshamaliza msimu, atakuwa na haki ya kutukatalia.

Tuombe mwandishi. Hapo ndipo upendeleo unapoanzia, mapema kabla mtangazaji hajakaa mbele ya kamera. Timu yenye mwandishi wake wa kudumu, anayesafiri nayo Cleveland, Kansas City na Minneapolis, itakuwa na habari kila siku, kwa sababu yeye yupo pale mrushaji anaposhika kiwiko na kukunja uso, na anamfahamu kocha atakayemweleza maana yake. Timu isiyo na mtu wake hupewa ripoti ya shirika la habari, mistari kumi inayosema nani alishinda. Mhariri wa usiku akiwa na hadithi moja kamili na mistari kumi mkononi, ataanza na hadithi kamili hata kama moyo wake uko Bridgeport. Na hali ya vyumba vya habari sasa ni mbaya: Tribune ilinunuliwa mwaka 2021 na kampuni ya uwekezaji ya Alden, inayojulikana kwa kupunguza wafanyakazi, na Sun-Times, iliyokuja chini ya Chicago Public Media mwaka 2022, iliondokewa na takriban moja ya tano ya wafanyakazi wake mwaka 2025 kwa mpango wa kuwalipa wanaokubali kuondoka. Safari zikianza kukatwa, timu inayopoteza ndiyo hukatwa kwanza.

Kwa hiyo barua iseme mambo mawili tu. Kwanza, kila chombo kinachodai kuwa cha Chicago kiwe na mtu anayeifuata White Sox nyumbani na safarini msimu mzima, hata ikiwa mkiani. Pili, wakati wa mazoezi ya awali kule Arizona, wakimpeleka mtu Mesa iliko kambi ya Cubs, aende pia Glendale iliko kambi ya White Sox, kwa kuwa miji hiyo miwili iko pembezoni mwa Phoenix ileile na gari moja la kukodi linatosha kwa zote mbili. Tuipeleke Januari, kabla wahariri hawajagawa tiketi za ndege. Mkazi wa Bridgeport, anza rasimu uiweke hapahapa, nami nitaipitia.